Mkono wa Kanzu

Huku Mabela watu wanaitaja takmimu
kama wanavyotaja kubadilisha matairi.
Wifi yangu Ghaniya kafanya, binti yake kafanya,
na yule jirani wa geti la kijani
kafanya mara mbili, bado hajatosheka na kioo.

Neno lenyewe ni la fundi cherahani:
tumbo hukatwa, likashonwa jembamba,
likawa mkono wa kanzu.
Mama angecheka. Miaka thelathini alishona
chumba cha nyuma, kule Sibu,
na kila Idi alinifumulia mshono wa ubavuni,
akinong'ona na pini mdomoni:
"Nimekuachia nafasi, Thuwaiba. Nafasi haiozi."

Nafasi nimeijaza.

Mezani nina karatasi tatu
na kahawa isiyo na tende.
Ya kwanza, takmimu.
Ya pili, ile ya kuhamisha njia:
chakula kipite kichochoroni, kisipite barabara kuu.
Hiyo, wanasema, huifukuza na sukari,
lakini vidonge utameza mpaka kaburini.
Ya tatu ni barua ya bima.

Bima ya ofisini hulipa kujifungua,
hulipa jino likiuma, si likipinda,
hulipa goti likishavunjika.
Unene wameuweka ukurasa wa kumi na tisa,
pamoja na kupandikiza nywele.
Nikapiga simu. Kijana akaniuliza uzito
kwa sauti ya chini, kama anayedai deni mbele ya wageni.
Akasema lipo daraja la juu:
niongeze riali kumi na nane kwa mwezi,
ningoje mwaka,
watalipa nusu. Kwa Daktari Haitham wa Ghubra tu.

Nilikwenda Ghubra. Ukutani picha,
wanawake wawili wawili, mnene na mwembamba.
Ni mtu yule yule, ila mnene kakatwa kichwa.
Daktari hakukaa.
"Alhamisi unaingia, Jumapili uko kazini."
Nikamuuliza, na mshono ukivuja?
Akatazama saa yake.

Kwa Daktari Lakshmi, Khuweiri, kiti kilikuwa kipana.
Hakuna aliyenielekeza kwenye kiti kile. Kilikuwepo tu.
Aliniuliza hula nini nikifurahi,
nini nikimkumbuka marehemu.
Nikajibu harisi.
Nikajibu vileja vya Mama, vyote, na makombo ya sahani.
Kisha akahesabu kwa vidole
wale aliowarudisha chumba cha upasuaji usiku wa manane,
akamtaja na mmoja ambaye hakurudi kwao.
"Ndiyo maana sikimbii," alisema.

Bima haimjui.

Mimi sitaki wembamba. Wembamba ni wa Ghaniya.
Mwaka wa nne huu nasali juu ya kiti cha plastiki,
nasujudia hewa,
na msala uko pale chini
kama jamaa wa nyumba moja niliyekosana naye.
Nataka paji la uso lifike.

Basi Jumanne nikaenda Matrah, kwa Valji sonara,
na timbi mbili za Mama,
dhahabu aliyotoka nayo Unguja
kaishonea ndani ya pindo la gauni.
Alinivisha siku ya harusi. Hazijavuliwa tangu hapo.
Valji akapaka sabuni. Akapaka mafuta.
Akavuta kwa mfuko wa nailoni,
mkono ukawiva, na yeye uso ukamwiva.
Mwisho akashika msumeno mwembamba kama uzi,
akanitazama juu ya miwani:
"Nikikata, bei inashuka."
"Kata," nikamwambia.

Ukaingia taratibu. Vumbi la dhahabu
alilikinga kwa karatasi, chembe isipotee.
Akaziweka timbi mizanini, akaigeuza namba nione.
Sikuitazama.
Nilikuwa naangalia kifundo cha mkono:
pale timbi zilipokuwa, ngozi nyeupe, laini,
duara la upana wa kidole,
na ndani yake mkono wa msichana
ambao Mama aliupima kwa uzi.